Kona ya Mama Keki

Mume wa Mama Keki alipiga makofi sebuleni, na ukuta ukamrudishia makofi yake, makali kuliko alivyoyatoa. Sakafu ilikuwa ya vigae vitupu, madirisha yalikuwa vioo kuanzia juu mpaka chini. Muziki ukipigwa humo, matoazi yalitoboa masikio, na kila mwimbaji alisikika kama anakaanga maneno. Na spika zile alizozinunua alikuwa amezitamani tangu ujana wake, masikini.

Alitandika zulia. Alitundika mapazia mazito. Alizivuta spika mbali na ukuta, akazigeuza zielekee kochi. Upande wa kushoto ukatulia. Kona ya kulia ikagoma katakata, ndipo akaitwa fundi.

"Kona hii inataka kitu kinene, laini, kinachonyonya sauti," fundi alisema.

"Si wahenga walisema mke ni nguo?" mama mkwe wa Mama Keki akadakia kutoka kochini, akacheka peke yake.

Mama Keki alikuwa konani hapo hapo, begi begani, akivaa viatu. Dada yake alikuwa amefungua duka la mikate, tanuri jipya likimsubiri yeye aliwashe. Duka hilo waliliota pamoja tangu wakiwa wasichana wanaolala kitanda kimoja. Fundi akawasha muziki, nao ukatoka umetulia kama uji uliopoa.

"Usisogee!" mumewe alisema. "Hapo hapo, mke wangu. Dakika moja tu."

"Basi litaniacha," alijibu, lakini kona ilimeza maneno yake. Hata mwenyewe hakujisikia.

Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni na ule ukali ukarudi. Mama mkwe akaziba masikio.

"Jamani, mkwe wangu! Mwanangu ametoa jasho lake lote, nawe kusimama tu kunakushinda?"

Mama Keki akarudi konani. Alikuwa na huruma, na huruma ndiyo ilikuwa ugonjwa wake.

Dakika ile moja ikazaa wiki. Alipewa kiti, kisha mto wa kuegemea. Jioni akichana nywele, matoazi na filimbi za mchana kutwa zilimdondoka kichwani zikilialia kwenye vigae. Alizifagia, akazimwaga uani, ambako jogoo wa jirani alizidonoa pamoja na pumba. Jirani alisema siku hizi jogoo wake anawika vizuri.

Wageni walikuja kusikiliza. "Lo, sauti gani hii!" walisema, na mumewe akawaeleza kwamba siri ni kona. Tusimwonee, alimpenda mkewe. Alimletea chai kwa mkono wake, akamfunika blanketi magotini, na besi ikazidi kunoga. Mama Keki alitazama mlango siku nzima. Ulikuwa wazi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Hatimaye dada yake akaja mwenyewe, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mdogo wangu, unga unachacha kule! Simama twende."

Mama Keki akafunua kinywa akasema yote: kwamba anataka kwenda, kwamba amechoka kuwa pazia, kwamba dada amshike mkono amvute kwa nguvu. Halikutoka hata neno moja.

"Unasemaje? Sema kwa sauti!"

Dada akasogea karibu. Akasogea tena, akainama mpaka sikio likagusa midomo ya mdogo wake, na bado hakusikia kitu. Akaketi kwenye mkono wa kiti, akaanza kufoka. Midomo yake ilikwenda mbio, mishipa ya shingo ikamsimama, na chumbani hakikusikika chochote isipokuwa wimbo.

Kochini, mume alikuwa amefumba macho. Chozi lilimteremka shavuni, maana tangu anunue spika hizo hakuwahi kuzisikia hivyo.

"Shemeji," alisema taratibu, "tafadhali, usisogee."

Mama mkwe akaenda jikoni kuleta kiti cha pili.