Barua ya Mwajiri

Lori lilipoanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, Mama Pindo alikuwa na pini nne mdomoni na rinda la mwisho la sketi chini ya sindano. Hakuinua kichwa. Rinda ukiliacha katikati hupinda, na mwenye sketi angeipitia mchana. Akalimaliza, akakata uzi kwa meno, akazitema pini kiganjani, ndipo akasema, "Wamefika."

"Nimewasikia," mama mkwe wake alijibu kutoka chumba cha ndani. "Kuchukua wanawahi. Kulipa ndiyo huwaoni."

Chumba cha mbele kilikuwa duka na karakana kwa pamoja: meza ya kukatia, pasi, kabati la vioo, na dirishani cherehani ya mota, chuma kizito cheusi kilichochubuka pale mkono wa kulia unapogusa. Juu ya mlango kulikuwa na kibao chenye herufi za rangi ya dhahabu: MKURUGENZI. Mtaa mzima ulikicheka tangu siku kilipopigiliwa misumari. Mama Pindo mwenyewe alikicheka, lakini bila kibao kile mkopo usingetoka.

Mkopo wenyewe ulikuwa hivi. Miaka miwili nyuma bodi ya shule ilimpa oda ya sare mia nane za buluu. Vitambaa vya sare mia nane havinunuliwi kwa pesa ya mapindo ya suruali, kazi iliyompa jina lake, kwa hiyo akaenda benki. Msichana wa mikopo, mwenye sauti laini kama sabuni, alisoma fomu yake, akafika penye neno "fundi cherehani", akachukua wino mweupe akalifuta.

"Mama, benki haikopeshi mafundi," alimwambia. "Inakopesha wakurugenzi. Andika mkurugenzi, weka kibao mlangoni, chonga na muhuri. Basi."

Akaandika, akaweka, akachonga. Sare mia nne na kumi na mbili zilipokuwa tayari, zimepigwa pasi na kufungwa kumi kumi, bodi ikabadilisha rangi. Damu ya mzee. Hawakumwandikia hata barua. Aliliona tangazo ukutani alipokwenda kudai malipo ya awali. Tangu hapo nyumba yake ikawa ya buluu: mapazia ya buluu, foronya za buluu, aproni ya mama mkwe ya buluu, hata redio ilishonewa kikoti cha buluu. Wale mafundi wawili aliowaajiri akawalipa kwa kuuza mkufu wake, akawaaga. Benki haikumuaga. Kila siku saa nne kamili simu ililia na ile sauti ya sabuni ikauliza, "Naongea na mkurugenzi?"

Mwezi uliopita maji yalipomfika shingoni alikwenda mahakamani kwa miguu yake, akaomba kutangazwa mufilisi. Walimpa kikaratasi cha maelezo akakisoma mpaka kikachanika kwenye mkunjo. Mali yako inaorodheshwa, inauzwa, wadai wanagawana, kisha deni linakufa. Lakini vipo visivyoguswa: nguo, matandiko, vyombo vya kupikia, na zana ambazo mdaiwa hufanyia kazi kwa mikono yake mwenyewe. Huo mstari wa mwisho ndio uliompa usingizi. Wachukue sofa, wachukue friji. Cherehani ikibaki, yeye na mama mkwe watakula.

Ofisa wa ufilisi aliingia akipangusa viatu mlangoni, mtu mzima mwenye adabu zake, faili kwapani. Nyuma yake walikuwa wapagazi wawili. Mmoja alikuwa pande la mtu hata ikambidi aingie upande upande. Mama Pindo, macho ya fundi hayana likizo, aliona kwamba pindo la suruali ya ofisa, mguu wa kushoto, limefumuka na kuburuta.

"Shikamoo mama," ofisa alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba. Unatufilisi kwa heshima, vizuri."

"Mimi si mwenye kufilisi, mama. Mimi naorodhesha tu."

Akaanza kuorodhesha. Alikuwa na sauti ya kusomea watu majina shuleni. Sofa, moja. Friji, moja, mlango haufungi vizuri. Televisheni. Kabati la vioo. Sketi na mashati ya shule, buluu, mia nne na kumi na mbili.

"Hayo mtamuuzia nani?" aliuliza mama mkwe.

"Mnada una wateja wake."

"Mkiwapata waambieni na sisi tuliwatafuta."

Vitu vikatoka kimoja kimoja. Friji lilipopita mlangoni mama mkwe aligeuka akautazama ukuta. Mwanawe, marehemu, ndiye aliyelibeba kuliingiza, yeye na rafiki zake wakicheka njia nzima. Mama Pindo naye ilimuuma. Alijifanya anapanga nyuzi, nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangwa tangu jana.

"Muhuri wa mpira, mmoja," ofisa aliendelea. "Kibao cha mlangoni, kimoja. Kiti cha mbao chenye mto, kimoja."

"Hicho ndicho nakalia nikishona."

"Kiti ni samani, mama, si zana. Cherehani ya mota, moja."

"Hiyo ruka," alisema Mama Pindo. "Hiyo haiguswi."

Ofisa akashusha miwani. Akafungua faili, akaweka kidole kwenye karatasi ya kwanza. "Ingekuwa haiguswi kama ungekuwa fundi."

"Ala! Mimi ni nani?"

"Hapa umeandikwa mkurugenzi. Nakala imetoka benki, na saini ni yako. Mkurugenzi hashoni, mama, anaongoza. Kwa hiyo hii si zana ya mikono yako, ni mali ya biashara."

Mama Pindo akaweka mkono juu ya cherehani. Alikuwa ameviwazia vitu vyote vitakavyokwenda, hata kabati la vioo, hata saa ya ukutani, akazoea. Hiki hakukiwaza hata mara moja.

"Huyo msichana wao ndiye aliyefuta fundi," alisema. "Kwa wino mweupe. Mbele yangu!"

"Inawezekana. Lakini wino mweupe hausomeki."

"Nitazame vidole." Akavinyoosha mbele ya uso wake. Cha shahada cha kushoto kilikuwa na kovu la sindano iliyopita kucha mpaka upande wa pili. Gumba la kulia lilikuwa na sugu la mkasi. "Huu ni mkono wa kuongoza?"

"Nimeviona, na pole sana. Ila vidole si waraka."

Mama Pindo akakaa kwenye kiti kabla mpagazi hajakifikia. Akachukua vipande viwili vya kitambaa, akavipitisha chini ya sindano bila kuvitazama, macho yake yamemkazia ofisa. Mota ikanguruma. Akamtupia mshono juu ya faili, umenyooka wima kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ofisa aliugeuza huku na huku. Alikuwa muungwana, hakudanganya. "Mshono mzuri. Lakini hata macho yangu si waraka. Mimi ningekuwa natunga sheria ningekuachia hata hilo friji. Situngi, nafuata karatasi."

"Sasa karatasi yako inataka nini?"

"Kazi ya mdaiwa ikibishaniwa," alisoma, "italetwa barua ya mwajiri, yenye saini na muhuri, inayothibitisha kazi anayoifanya. Ilete, nami nitaipokea leo hii."

"Na mwajiri wangu ni nani?"

Ofisa akapekua. Akapekua tena. Akakohoa kidogo. "Kwa mujibu wa faili... mwajiri ni mkurugenzi."

Lile pande la mtu, likiwa limebeba saa ya ukutani, likacheka kwa nguvu. "Basi si huyo hapo! Aandike!"

"Wewe beba saa," alisema ofisa.

Lakini Mama Pindo alikuwa ameshainuka. Mama mkwe naye hakungoja kuambiwa. Alileta daftari la vipimo, akachana karatasi ya katikati, akampa na kalamu. Mama Pindo akaandika juu ya meza ya kukatia, amesimama, pole pole, ulimi umetokeza kidogo kama anapotunga uzi kwenye sindano nyembamba. Wapagazi waliacha kubeba. Ofisa alitazama saa yake, kisha akatazama nje, kisha akavuta shingo kuchungulia.

Alipomaliza, akaisoma kwa sauti.

"Kwa anayehusika. Nathibitisha kwamba fundi huyu ameajiriwa hapa tangu duka lilipofunguliwa, miaka kumi na tisa sasa. Anapima, anakata, anashona, anapiga pasi, anafagia. Mume wake alipofariki alifunga duka siku tatu tu. Hajalipwa mshahara miezi kumi na minne. Mkurugenzi kwa upande wake hajawahi kutia hata kifungo kimoja. Kazi aliyofanya ni kusaini mkopo. Kwa sababu hiyo, kuanzia leo saa tatu asubuhi, mkurugenzi amefukuzwa kazi. Fundi anabaki, na cherehani ni zana yake."

Akaweka saini mbili, moja ya mkurugenzi na moja ya fundi, zote zikifanana.

"Haiwezekani mtu akajifukuza mwenyewe," alisema ofisa.

"Benki waliponiajiri ukurugenzi kwa dakika tano iliwezekana. Nyie mlipoukubali iliwezekana. Leo ninapouacha ndiyo imekuwa miujiza?"

"Na hii habari ya mshahara?"

"Ukurasa wa mwisho wa kikaratasi chenu. Mishahara ya wafanyakazi inalipwa kwanza, kabla ya benki. Huyu fundi naye anadai, mwandike."

Ofisa akaishika barua kwa ncha za vidole. Mtu angeweza kuona anaitafutia kasoro, na uso wake ulikunjuka alipoipata. "Haina muhuri."

"Muhuri mmeupakia."

"Ndiyo. Na ukishaorodheshwa si wako tena. Ni wa wadai."

"Fundi naye mdai. Umemsikia anadai." Akanyoosha mkono. "Naomba niuazime dakika moja."

Hakuna aliyemtuma yule mpagazi mkubwa. Alikwenda mwenyewe. Walimsikia akipanda lorini, akisukuma sofa, akipekua maboksi na kuguna. Akarudi na muhuri na kile kidau chake cha wino, akaviweka mezani kwa mikono miwili, kwa adabu, na hakumtazama ofisa usoni. Mama Pindo akaupuliza muhuri, akaukandamiza. Herufi zikatoka safi. Ulikuwa umetumika mara moja tu maishani, siku ya kuchukua mkopo.

Sasa barua ilikuwa na saini, ilikuwa na muhuri, ilikuwa na tarehe. Ofisa alisimama nayo katikati ya chumba kilichobaki kitupu. Ofisini kwake barua yenye muhuri haikataliwi mlangoni. Hupokewa, kisha wakubwa ndio huikataa. Akatoa muhuri wake mwenyewe mfukoni, akagonga: IMEPOKELEWA.

"Kitu kinachobishaniwa kinabaki kilipo mpaka shauri lisikilizwe," alisema, kama mtu anayesoma. "Siku ishirini na moja. Sikuahidi kitu, mama. Wanaweza wakaniambia nirudi niichukue."

"Ukirudi utanikuta naitumia."

Akaandika kwenye orodha, mbele ya cherehani: inabishaniwa. Akauchukua muhuri akaurudisha kwenye boksi. Wapagazi wakang'oa kibao cha mlangoni. Misumari ilitoka na plasta kidogo. Mwisho wakachukua kiti.

Mlangoni ofisa aligeuka.

"Pindo la suruali yako limefumuka," Mama Pindo alimwambia. "Mguu wa kushoto. Fundi yupo kila siku kuanzia saa kumi na mbili. Ila siku hizi analipwa kwanza."

Ofisa akatazama mguu wake. Akavuta soksi, haikusaidia kitu, akapanda mbele karibu na dereva.

Lori lilipokwisha kukunja kona, sauti zikabadilika mle ndani. Kila neno lilikuwa linarudi. Mama mkwe alitembea kutoka ukuta hadi ukuta, akapima kwa macho mahali friji liliposimama miaka yote ile, palipobaki alama nne za kutu sakafuni. Akalia kidogo, si sana, akajifuta kwa aproni ya buluu.

"Hii hawakuiona," alisema, akiitazama aproni.

"Ni nguo. Haiguswi."

"Na ukiambiwa hapana, baada ya hizo siku ishirini na moja?"

"Nitaandika nyingine, mama. Daftari bado lina kurasa."

Mama Pindo akatoka uani, akaleta ndoo ya kufulia, akaigeuza juu chini mbele ya cherehani. Akakaa. Ilikuwa fupi, magoti yalimpanda na mabega yakabidi yainuke. Akachukua foronya ya buluu, akaikunja mara nne, akaitia chini yake, akajaribu tena. Ikafaa. Sketi ilikuwa bado inangoja pindo.

Saa nne kamili simu ililia. Akaitega kati ya sikio na bega, mikono yake ikiendelea kulisukuma pindo chini ya sindano.

"Habari za asubuhi," ikasema ile sauti laini. "Naongea na mkurugenzi?"

"Mkurugenzi kafukuzwa kazi leo asubuhi," alisema Mama Pindo. "Mimi ni fundi. Unataka kushonewa nini?"