Chini ya Kidole Gumba cha Meya

Miji miwili ya kusini inachukiana kwa adabu. Ule wa juu, wenye majengo ya vioo na barabara za njia sita, unatuita sisi Watu wa Masizi. Sisi tunawaita Watu wa Rula, kwa sababu mji wao ulichorwa kwa rula kabla hata mtu mmoja hajalala ndani yake. Mkubwa mmoja alisimama kilimani, akanyoosha mkono, akasema hapa patakuwa na jiji. Barabara zikaja kwanza, taa zikafuata, watu wakatafutwa baadaye.

Wetu haukuchorwa na mtu. Ulianza na karakana ya reli. Nyuma ya karakana pakawa na banda la fundi mmoja, nyuma ya banda lake banda la shemeji yake, hivyo hivyo mpaka Mtaa wa Mafundi ukafika milango mia tatu na kumi na mbili, yote imebanana mahali ambapo wao wangeona panatosha kuegesha magari tu. Ile milango nimeihesabu mwenyewe. Naihesabu kila mwaka, maana katika mji huu usipojihesabu utahesabiwa na mtu asiyekupenda.

Nakumbuka mengi, na sioni haya kuyakumbuka. Nakumbuka mwaka walipohamishia karakana ya reli juu, eti kwetu hakupanuki. Nakumbuka chuo cha ualimu kilivyopakiwa kwenye malori mpaka ubao wa matangazo, na matangazo yake juu. Nakumbuka mashine ya mwisho ya kukerezea vyuma ikiondoka na mvua ikiinyeshea, hakuna aliyejali hata kuifunika turubai. Leo hii mashine hiyo iko kwenye mzunguko wa barabara mjini kwao. Wameipaka rangi ya kijani. Wameipandia maua.

Mimi ni mnoa misumeno na tupa. Kusoma nilijifunza kwa magazeti yaliyofungiwa misumari, ndiyo maana mtaa mzima wananiita Gazeti, hata dada yangu mkubwa aliyenilea. Yeye ndiye mwenye kalibu: anayeyusha shaba, anaimimina kwenye mchanga, kinatoka chochote unachotaka. Wanamwita Mama Shaba. Mikono yake ina makovu mengi kuliko maneno yake, na maneno yake si haba.

Sasa sikilizeni walivyotaka kutufanya.

Halmashauri yetu ilipata wivu. Madiwani walikwenda juu kwa ziara, wakapigwa picha mbele ya vioo, wakarudi na mtaalamu wa ramani, mtoto wa mji ule, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mgongoni. Huyu akachora mji wetu upya. Katikati ya ramani yake, kutoka stesheni hadi sokoni, barabara moja pana, imenyooka kama kamba ya pazia. Na pale pale inapopita, Mtaa wa Mafundi, ameandika: ENEO WAZI.

Nilimfuata ofisini. "Eneo wazi? Ndugu yangu, umewahi kufika?"

"Nilifika, mzee. Gari halikupita."

"Kwa hiyo gari lisipopita hakuna watu?"

Akatabasamu. "Kitaalamu, njia isiyopitisha gari hatuihesabu kuwa mtaa."

Baraza la wazi likapangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Madiwani kumi na watatu. Tisa walishasema watakubali. Wakikubali, tingatinga linaingia baada ya siku thelathini, na kalibu ya dada yangu ndiyo ya kwanza, kwa kuwa iko mdomoni mwa kichochoro.

Basi Ijumaa, siku sita kabla ya baraza, gari lenye namba za mji wa juu likasimama pale mdomoni. Akashuka mwanamume ana madoa ya grisi kwenye suruali ya ofisini. Akafungua buti. Ndani, juu ya blanketi, kulikuwa na gurudumu la shaba la pampu ya maji, lile lenye mapanga yanayosukuma maji, upana wa sinia kubwa. Limepasuka vipande viwili.

"Shikamoo, mama," akamwambia dada yangu. "Mimi ni mhandisi wa maji kule juu. Pampu kubwa imekufa tangu juzi. Nusu ya mji hawana maji. Huko ng'ambo wanasema kipuri kitachukua wiki saba."

Mimi nikacheka kwa sauti. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo miaka ishirini na miwili.

"Mpelekeeni yule aliyechora kwa rula," nikamwambia. "Si mna vioo? Yeyusheni vioo! Mashine ya kukerezea mnayo, si mmeipandia maua? Mlikuja hapa mkachukua karakana, mkachukua chuo, mkachukua…"

"Gazeti," dada akasema, ameshainama kwenye buti anapapasa ule ufa kwa kucha. "Umemaliza?"

"Sijaanza."

"Kuna mwanamke kule ana kichanga, hana maji ya kukiogesha. Yeye ndiye aliyehamisha karakana?"

Nikajifanya nakagua tairi la gari.

"Nimekuuliza wewe, mdogo wangu."

"Siye."

"Haya. Shika upande huo, tulitoe."

Lakini sikumwachia mhandisi hivi hivi. Nilimwambia tutalifanya, ila Alhamisi aje barazani aseme limetengenezwa wapi. Aliangalia viatu vyake. Akasema, "Nitajitahidi, mzee." Nalijua neno hilo, nimeshaliwa mara nyingi na "nitajitahidi."

Kazi kwetu haiendi barabarani. Inatembea dirishani. Vibanda vimepeana migongo na madirisha yanatazamana, meza zote urefu mmoja, kwa hiyo kitu kikitoka kwa huyu kinanyooshewa yule, na anayekipokea anaanza kugomba kabla hajakiweka chini. Gurudumu lilianza kwa seremala, akachonga mfano wake wa mti. Mhandisi akapima na futi yake, akashtuka.

"Umezidisha! Hili ni kubwa kuliko la zamani."

"Shaba ikipoa inasinyaa, bwana mkubwa," seremala akamwambia bila kuinua uso. "Nikichonga sawasawa na lako, utarudi nyumbani na kifuniko cha sufuria."

Kutoka kwa seremala kwenda kwa mpanga mchanga, aliyeuzika ule mfano mchangani ukaacha umbo lake. Kutoka kwake kwa dada, ambaye Jumamosi asubuhi aliyeyusha koki za zamani na valvu mbovu, akamimina mara moja tu, kimya, mtaa mzima umenyamaza naye. Kisha kwa mkata masalio ya shaba, kwa mtoboa kwa kekee, kwa mkereza vyuma mwenye mashine aliyoiunda mwenyewe kwa injini ya kusagia. Jumapili likafika kwangu. Nikalitundika kwenye ekseli, nikalizungusha kwa kidole. Upande mzito huanguka chini. Unaupunguza kwa tupa, unazungusha tena. Nilifanya hivyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, likawa likisimama popote linapotaka. Mhandisi alikuwa amekaa juu ya ndoo, mdomo wazi.

Halafu akaona tunachukua nyundo.

Kila anayegusa kazi kwetu anaigongea alama yake. Tulianza mwaka ule ule wa karakana, walipotutangaza kwenye redio kwamba kazi yetu haina mwenyewe. Tukasema sawa, kuanzia leo kila kitu kitakuwa na mwenyewe. Kikivunjika, mteja ajue agonge mlango gani. Ngazi ni seremala. Kikombe ni mpanga mchanga. Samaki ni dada yangu. Ufunguo, nyota, mwezi. La mwisho ni jicho, na jicho ni mimi.

"Mama," mhandisi akasema, "hizo alama ni lazima? Wakubwa wangu…"

"Bila alama halitoki hapa," dada akamjibu. "Ni kama jina la mtoto."

Zikagongwa saba, ukingoni, zimepangana. Akalifunga kwenye blanketi, akaondoka, vile vipande vya zamani vikabaki kwetu.

Jumanne nikanunua gazeti. Ukurasa wa kwanza, picha ya meya wa mji wa juu, amelishika gurudumu kwa mikono miwili kama kombe la mpira. Na chini yake: KIPURI KIPYA CHAWASILI KUTOKA NG'AMBO KWA SIKU TANO.

Nilikimbia na lile gazeti mpaka kwenye kalibu. Nilitukana kwa mpangilio, nikianzia mwaka wa karakana. "Umeona? Umewaonea huruma, umeona? Sasa wamechukua na hili!"

Dada akanipokonya gazeti. Akachukua ile lenzi yangu ya kukagulia meno ya misumeno, akainama juu ya picha. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, mpaka akakaa chini kwenye mchanga wa kazi.

"Mdogo wangu, njoo uone. Ngazi. Kikombe. Samaki huyu hapa, na mkia wake. Ufunguo, nyota, mwezi."

"Na jicho?"

"Jicho," akafuta machozi, "liko chini ya kidole gumba cha meya."

Alhamisi ukumbi wa halmashauri ulijaa hadi madirishani. Mtaalamu wa ramani alisimama na fimbo yake ndefu. Akasifu mji wake nusu saa nzima: upana wa barabara, urefu wa majengo, idadi ya taa. Nilikaa kimya, jambo lililowatisha wanaonijua.

"Na mji wa kisasa hautegemei vibanda," akamalizia. "Juzi juzi tu pampu yetu iliharibika, kipuri kimetoka ng'ambo kwa siku tano. Hiyo ndiyo kazi ya barabara pana!"

Wakampigia makofi. Nikasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kumuuliza mtaalamu. Hicho kipuri ndicho hiki cha kwenye gazeti?"

"Ndicho."

"Una hakika?"

"Mzee, nchi nzima imekiona."

"Basi kabla hamjabomoa Mtaa wa Mafundi…"

Mwenyekiti akapiga kengele. "Umeuliza swali, umejibiwa. Kaa."

"Mheshimiwa…"

Kengele tena. Na tena. Kengele nzuri ya shaba, sauti yake inafika sokoni.

"Nakaa," nikasema. "Ila hiyo kengele yako, tafadhali, igeuze uangalie ndani."

Akatazama huku na huku, kama mtu aliyeambiwa ana kitu kwenye kola. Akaigeuza.

"Soma kilichogongwa."

"Kuna… samaki. Na kikombe. Na ngazi."

"Sasa chukua gazeti, na lenzi hii. Ukingoni mwa kipuri cha ng'ambo."

Karatasi ikakunjuliwa juu ya meza. Mwenyekiti aliangalia kengele, akaangalia picha, akarudi kwenye kengele. Diwani wa kwanza akainuka kwenda kuchungulia. Wa pili. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Hata geti langu lina samaki huyo!" Mwingine, "Na sufuria langu!" Ndipo kicheko kikaanza, kikazunguka ukumbi mzima, kikatoka nje kwa waliosimama juani.

"Picha zinachezewa," mtaalamu akasema. Shati lake lilikuwa limeanza kujikunja.

Dada yangu aliinuka. Alitembea mpaka mezani, akaweka vipande viwili vya gurudumu la zamani, vikatoa mlio. Juu yake namba ya kituo cha maji cha mji wa juu.

Hapo mtu akainuka safu ya mwisho. Alikuwa amevaa kofia, sikumtambua mpaka alipoivua.

"Mimi ndiye mhandisi niliyelileta," akasema. "Nimekaa hapa tangu mwanzo, nikiogopa. Ng'ambo walisema wiki saba. Hawa walichukua siku tatu. Barabara zetu ni pana kweli, ila unaweza kuziendesha kutwa usipate watu saba wanaoweza kufanya walichokifanya hawa bila kutoka madirishani. Mkiubomoa mtaa huu, pampu ikifa tena sijui nitakwenda wapi. Na pampu itakufa tena."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Kumi na mmoja wakakataa barabara. Wawili wakakubali, na mmoja wao akaomba kuhesabiwa upya. Dada yangu alibebwa juu juu, akiwatukana waliombeba kwamba watamwangusha. Mwenyekiti, sijui kwa furaha au kwa kusahau, akawa anaipiga ile kengele bila kukoma.

Wiki iliyofuata mtaalamu wa ramani alitumwa kuchora tena. Nilimtembeza mimi, mlango kwa mlango, kwa miguu. Alipofika mia tatu na kumi na mbili akakaa chini akavua kiatu. Kwenye ramani mpya pameandikwa MTAA WA MAFUNDI, kwa herufi nilizopima mwenyewe.

Na meya wa juu akatuma ujumbe: je, hatungeacha kulizungumza jambo hili na magazeti mengine? Dada akasema tumsamehe. Mimi nikasema tumsamehe kwa sharti. Nikaandika barua ya mstari mmoja: tupeni mashine yetu, maua mtayang'oa wenyewe.

Ilikuja Jumatano juu ya lori, ya kijani, udongo bado umejaa kwenye gia. Mhandisi alikuwa amekaa kando ya dereva. Lori likafika mdomoni mwa kichochoro, likasimama.

"Gari halipiti, mzee," akaniambia, akicheka.

"Najua," nikamjibu. "Shuka ushike upande huo."

Tukaiwekea mabomba chini yake, tukaiviringisha, watu wa milango mia tatu na kumi na mbili, nafasi ya kidole kila upande, kuta zikiichubua ile rangi ya kijani mpaka chuma chetu kikaonekana.