Siku Rwegasira Alipopeleka Mahari Nshamba

Kamati ya chuo iliposema hakuna ushahidi, Ephrasia hakulia. Alirudi kwenye chumba alichopanga pamoja na Zuena kule Bilele, mjini Bukoba, akakunja neti, akafunga godoro lake kwa kamba, kisha akamwambia, "Narudi nyumbani Maruku. Usinisindikize."

Zuena alimsindikiza hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza Dawati la Jinsia upande wa wanafunzi, na yeye ndiye aliyemhimiza mwenzake akalalamike. Dokta Rwegasira, mhadhiri wao, alikuwa amemwita Ephrasia ofisini kwa kisingizio cha mtihani, akafunga mlango kwa ufunguo. Ephrasia alimng'ata mkono ndipo akaachiwa. Baada ya hapo akafelishwa somo, na kwa kufeli huko akadisko, akaondolewa chuoni. Mbele ya kamati aliulizwa alikuwa amevaa nini na kwa nini hakupiga kelele. Mwalimu Derick, katibu wa kamati na rafiki wa Rwegasira tangu utotoni, ndiye aliyesoma uamuzi. Aliusoma akitabasamu.

Tabasamu lile lilimkaa Zuena kooni. Usiku na mchana alifikiria jambo moja tu: kumwona Rwegasira ameinamisha kichwa mbele ya watu anaowaheshimu, akikosa pa kujificha.

Nafasi ikaja yenyewe. Habari zilienea chuoni kwamba Dokta anaoa Nshamba, Agnetha binti wa mzee Kahangwa, na kwamba walimu wenzake watamsindikiza kupeleka mahari. Zuena hakumwambia mtu. Alipanda gari la Muleba, akashuka Nshamba, akaulizia shangazi wa bibi harusi.

Bi Alistidia, dada yake Kahangwa, alikuwa migombani akipunguza majani makavu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuweka panga chini.

"Wewe ni binti wa mjini, huyo mwenzako simjui, na mkwe wetu ni msomi," alisema. "Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini, mama. Mwite Ephrasia umtazame machoni."

"Agnetha umeshamwambia?"

"Bado. Ndiye niliyetaka kumwona baada yako."

"Achana naye. Akijua atamuuliza wakiwa wawili, naye atadanganywa kwa sauti tamu. Kama mtu huyu ni mwongo, nataka aseme uongo wake hapa kwetu, kaka yangu akisikia." Akafuta panga kwa jani la mgomba. "Mlete huyo binti siku ya mahari. Atagawa kahawa. Na wewe, waitu mwanangu, ukae kimya."

Ephrasia alikataa. Zuena alimfuata tena Maruku, akakataliwa tena. Wiki ilipokwisha, Ephrasia mwenyewe alipiga simu akauliza, "Nivae nini?"

Siku ilipofika, sebule ya Kahangwa ilitandikwa nyasi mbichi. Wageni kutoka Bukoba waliketi upande mmoja, Rwegasira katikati yao amevaa kanzu na koti jeusi, Derick ubavuni mwake akipiga picha kwa simu. Uani kulikuwa na mbuzi wa mahari na mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, waliyokuja nayo. Zuena alijibanza kwenye mlango wa nyuma pamoja na wanawake wa ukoo. Msemaji wa wageni, mzee mwenye sauti ya kupendeza, alisema kijana wao anawalea mabinti wa watu pale chuoni kama wadogo zake wa tumbo moja. Zuena alisaga meno.

Ndipo Ephrasia akaingia na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna ambayo mgeni hupewa kabla ya neno lolote kubwa. Alipita kwa magoti kutoka mgeni hadi mgeni. Alipomfikia Rwegasira, akanyoosha kikapu. Mkono wa Rwegasira ulitoka, ukasimama hewani, ukarudi gotini.

Sebule nzima iliona. Kukataa kahawa ya mwenye nyumba ni kumtukana, na hilo hata watoto wa Nshamba wanalijua.

"Mkwe," Bi Alistidia aliita, "kahawa yetu ina nini?"

"Haina kitu, mama. Ni tumbo tu linanisumbua."

"Au ni huyu binti anayeigawa? Mnafahamiana?"

"Simjui. Sijapata kumwona."

Derick aliinua uso kutoka kwenye simu. "Ephrasia!" akaropoka. "Huku umefikaje?"

Kahangwa aligeuka polepole kumtazama Derick, kisha Rwegasira, kisha msichana aliyepiga magoti. "Simama, mwanangu," alisema. "Useme."

Ephrasia alisimama akasema kwa Kihaya, bila maneno makubwa. Alisema habari za ofisi, ufunguo, meno yake kwenye mkono wa mtu yule, na mtihani aliofelishwa.

"Kesi hiyo ilikwisha!" Rwegasira alifoka. "Kamati ilinisafisha!"

"Sasa hivi umesema humjui," Kahangwa alijibu. "Kesi iliyokwisha ni ya nani?"

Rwegasira akainamisha kichwa. Zuena alimtazama vile alivyokuwa ameombea kumwona, na moyo wake ukajaa utamu ambao hakuuonea haya hata kidogo. Mbuzi walipakiwa wakilia. Mitungi ya rubisi ilirudishwa garini ikiwa imejaa, na msemaji mwenye sauti nzuri hakupata hata neno la kuagia.

Zuena alipogeuka, Agnetha alikuwa nyuma yake, wanja umemchuruzika mashavuni.

"Ni wewe uliyepanga haya?"

"Ndiyo."

"Watu wote mliwaambia. Mimi tu ndiye mliyeniacha nivae nipendeze."

Zuena alishika njia ya stendi bila kuaga.

Habari zilifika Bukoba kabla ya magari ya wageni. Wasichana wengine wakajitokeza kwenye Dawati, wakiwa na masimulizi ya ofisi ile ile na ufunguo ule ule. Chuo kikaunda kamati mpya. Rwegasira akaja na wakili, akadai kwamba siku anayodaiwa kumfungia Ephrasia ofisini hakuwepo Bukoba kabisa.

Siku moja kabla ya kamati kukaa, Agnetha alibisha hodi kwa Zuena, Bilele. Alikataa kiti.

"Sikuja kukushukuru," alisema.

"Najua."

"Derick alikuja nyumbani. Anataka niiambie kamati kwamba siku ile Rwegasira alikuwa kwetu Nshamba."

Zuena alisimama. "Utasemaje?"

"Siku ile alikuwa aje kweli. Nilipika matoke, nikamngoja mpaka chakula kikapoa. Hakuja, wala simu hakupokea. Nitayasema hayo huku ananitazama. Kisha nitamtaja aliyetumwa kunifundisha uongo."

Kesho yake, mbele ya kamati, akayasema yote, neno kwa neno, macho yake yakiwa usoni pa Rwegasira. Derick alijaribu kutoka nje, akaamriwa kukaa. Muhula haukuisha kabla wote wawili hawajafukuzwa kazi, na Ephrasia akarudishwa darasani, mtihani wake ukasahihishwa na mwalimu mwingine.

Nje ya ukumbi siku ile wasichana walipiga vigelegele. Ephrasia alitaka kumkumbatia Agnetha, lakini Agnetha alikuwa ameshavuka lango. Alipanda gari la Muleba jioni ile ile, na mpaka leo hapokei simu za Zuena.