Programu Iliyoandikwa Mara Mbili

Gulnaz alikuwa mwalimu mkali, tuseme ukweli. Mwaka ule wa tisini na saba alirudi Shinyanga mjini kutoka masomoni Dar es Salaam, akambembeleza baba yake mpaka akapewa chumba cha nyuma ya duka la spea za baiskeli, akafungua darasa la kompyuta. Mashine zenyewe mitumba, lakini kijitabu chake cha mazoezi ya kuandika programu, we! Alikiandaa kwa LaTeX, programu ya kupangia vitabu aliyojifunza chuoni, kikatoka kimenyooka kama cha kiwandani. Alikipenda kijitabu kile kupita kiasi.

"Nakili kama ilivyo," ndio ulikuwa wimbo wake. "Usiongeze, usipunguze."

Aliyetii kuliko wote ni Paskalia, binti wa mama ntilie wa Maganzo anayewapikia wachimba almasi. Paskalia aliweka kidole kwenye mstari, akaandika herufi mojamoja, mashine ikakataa. Akafuta, akaanza upya. Ikakataa tena. Wenzake, Chacha na Deepak, zao zilikwenda bila taabu. Walipofika zoezi la kupanga majina kwa alfabeti, uvumilivu ukamwishia Gulnaz.

"Dada Paskalia, kompyuta si ya kila mtu. Usimsumbue mama yako bure. Rudi nyumbani."

Mbele za watu, jamani! Paskalia akajifunga khanga yake, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Siku chache baadaye Gulnaz alitaka kumwonyesha baba yake zoezi lile. Akafungua kijitabu chake mwenyewe, akaandika mstari kwa mstari. Mashine ikakataa. Akacheka kidogo, akarudia. Ikakataa. Hapo jasho likaanza kumtoka.

"Chacha, wewe yako uliiandikaje?"

Chacha akajikuna kichwa. "Mwalimu, mimi na Deepak hatukuandika. Tulichukua faili lako kwa disketi."

Kumbe! Kila programu aliiandika mara mbili: mara moja kwenye mashine, mara ya pili kwenye kijitabu. Ilipomgomea, akairekebisha ya kwenye mashine, ya kijitabuni akaisahau. Wavivu wakapata nzima. Mtiifu akapata mbovu, akainakili bila kosa hata moja, akafukuzwa. Gulnaz aliona aibu kubwa.

Akakitengeneza kijitabu upya. Safari hii kila programu aliiandika mara moja tu, ndani ya kitabu chenyewe, katikati ya alama mbili: hapa ianze, hapa iishe. LaTeX ikaichukua bila kugusa kitu, nafasi zake na alama zake zote, ikaihifadhi kwenye faili lake, kisha ikalisoma faili hilohilo na kulionyesha ukurasani. Kinachosomwa na kinachoendeshwa kikawa kitu kimoja. Akajaribu zoezi la majina, likakubali. Wala hakufurahi, maana aliyestahili kuliona hakuwepo.

Akapanda gari la Maganzo. Alimkuta Paskalia anaosha sahani nyuma ya banda, mama yake mbele anapakua wali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," mama alijibu bila kumtazama.

Gulnaz akachuchumaa kando ya beseni, akaeleza yote kwa sauti ndogo, kijitabu na faili na akina Chacha. "Hukukosea hata mara moja. Nimekosea mimi. Nisamehe, dada, urudi darasani."

Machozi yalimlenga Paskalia. "Mwalimu, mimi nilikuamini. Nilimwambia mama kwamba sina akili, na yeye akawaambia wateja. Kila anayekuja kula ananipa pole."

Gulnaz akainuka, akaenda kusimama mbele ya wachimbaji waliokuwa wanakula.

"Samahanini, ndugu zangu. Mimi ndiye mwalimu niliyemfukuza Paskalia. Nilisema hawezi. Kazi yangu ndiyo ilikuwa mbovu, yake haikuwa na kosa."

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo binti ana akili?"

"Anazo, baba. Mimi ndiye sikuangalia."

Mama akaweka upawa chini. Akapita kati ya wateja wake mpaka nyuma, akainama, akamwondolea Paskalia sahani mikononi.

"Mwanangu, nimekutangaza vibaya," alisema. "Hizi nitaosha mimi. Nenda kavae, gari la mjini halijapita."