Kambi Amechelewa

Simu ilipopigwa kutoka Uarabuni, Kahaso alikuwa peke yake nyumbani Matsangoni. Mpigaji alisema Kiingereza kitupu, naye akashika maneno mawili tu: Kambi, jina la mwanawe, na "late". Hilo alilijua tangu shuleni, ni kuchelewa. Akafurahi kwamba mwanawe yuko njiani, akampikia wali wa nazi.

Jioni bintiye Gladys aliipigia namba ile, akasikiliza, akaketi chini.

"Mama, neno hilo maana yake pia ni marehemu."

Maiti haikuletwa. Kahaso akawa hafungi mlango, na kila jioni humwita Kambi aingie ale. Gladys alimsihi aache. Lakini juzi, mama akiwa kisimani, Gladys alisikia mtu akivua viatu barazani, akakosa ujasiri wa kwenda kutazama.