Dakika ya Thelathini na Nane

Pale mapokezi ya kituo cha televisheni walikuwepo vijana watatu, na wote watatu walimwamkia. Alipoitikia marahaba ya tatu, Mkasi alielewa kwamba amekuja kugombea kazi na watoto wa rika la binti yake.

"Mzee, umemsindikiza nani?" mmoja akamuuliza kwa heshima zote.

"Nimejisindikiza mwenyewe."

Wakacheka, naye akacheka. Kisha kila mmoja akarudi kwenye simu yake.

Jina la Mkasi alibandikwa na wenzake katika kituo kidogo cha televisheni alikohariri picha kwa miaka kumi na minane. Kituo kilipofungwa wenzake walitawanyika, na jina likabaki bila mtu wa kuliita. Tangu hapo alikuwa akihariri video za harusi na mahafali kwenye chumba cha nyuma alichopanga, dirisha limezibwa kwa pazia jeusi ili mwanga usimharibie rangi za kwenye kioo. Kutwa nzima alitazama watu wakikumbatiana. Mkewe alikuwa amehamia mji mwingine kikazi. Simu za kila siku zikawa za kila wiki, zikawa za mara mojamoja, mwisho ikaja talaka. Binti yao yuko chuo, na kila ujumbe wa baba yake huujibu kwa maneno mawili: "Sawa baba." Kuna wiki ambazo mwenye duka la pembeni ndiye pekee aliyemsemesha.

Alipoitwa ndani, alikuta watu watatu nyuma ya meza ndefu: afisa utumishi mwenye tai, mkuu wa kitengo cha uhariri, ambaye ni mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, na mtayarishaji wa vipindi, kijana mwenye kofia.

"Unafanyaje kazi na timu?" afisa utumishi akauliza.

"Kwa sasa timu ni mimi."

Hakuna aliyecheka.

"Na baada ya miaka mitano unajiona wapi?"

Alikuwa amelikariri jibu la swali hilo njia nzima, lakini likamtoka jingine. "Mahali penye watu."

Afisa akaandika kitu kwenye karatasi. Mkuu wa kitengo akamtazama kidogo, halafu akasema, "Haya kaka, twende kwenye vitendo."

Waombaji wote wanne waliketishwa kwenye chumba chenye kompyuta na baridi kali. Walipewa kazi moja. Kulikuwa na mahojiano ya dakika arobaini na mama mmoja mfagiaji wa maofisi, aliyejiandikisha darasa la watu wazima akiwa na miaka hamsini na mbili, pamoja na picha chache za kazini na darasani kwake. Kila mmoja atengeneze kipande cha dakika mbili, ndani ya saa moja na nusu.

Vijana wakaanza kukimbiza picha mbele na nyuma, vidole vinaruka. Mkasi akavaa spika za masikioni, akaacha mahojiano yacheze tangu mwanzo bila kugusa kitu. Ndivyo alivyofundishwa zamani: kwanza sikiliza. Na ukweli ni kwamba sauti ya yule mama ilimkaa vizuri. Ilikuwa siku nyingi hajasikia mtu akieleza jambo taratibu, kana kwamba anamweleza yeye. Mama alisimulia siku alipoweza kusoma kibao cha mlango aliokuwa akifagia mbele yake miaka tisa. "Kumbe ilikuwa stoo," alisema, akacheka mpaka akajifuta macho. Mkasi naye akajikuta anacheka peke yake, kijana wa jirani akageuka kumtazama.

Mahojiano yaliisha dakika ya thelathini na saba. Kamera haikuzimwa. Ilibaki inatazama kiti kitupu na ncha ya khanga ya mama aliyesimama pembeni. Vijana waliishia hapo. Mkasi hakuishia hapo, akasikia sauti ile ile, sasa ya chini.

"Mwanangu, uso wangu usiuonyeshe. Wanangu hawajui kama nilikuwa sijui kusoma. Ripoti zao zote za shule nilikuwa nazishika hivi, natikisa kichwa, naweka sahihi. Nitawaambia mwenyewe, siku yangu ikifika."

Sauti ya kiume ikajibu kutoka mbali, "Sawa mama, usijali."

Mkasi alirudisha nyuma akasikiliza tena. Muda uliokuwa umebaki ulikuwa dakika hamsini tu. Akakata picha za mikono ya mama ikishika kalamu, ufagio, daftari, na mgongo wake akiandika ubaoni. Sauti akaishusha kidogo. Uso hakuuweka.

Ilipofika zamu yake kuonyesha, yule mwenye kofia alikuwa wa kwanza kusema. "Mzee, uso uko wapi? Mama ana uso wa televisheni kabisa! Wenzako wote wameanza na yale machozi."

"Fungua dakika ya thelathini na nane."

"Mle hamna kitu, ni kiti tu."

"Fungua, tafadhali."

Mkuu wa kitengo akafungua mwenyewe. Sauti ya mama ikajaa chumbani. Ilipokuja ile "Sawa mama, usijali," kijana alivua kofia yake polepole akaiweka mezani. Ilikuwa sauti yake.

"Nilisahau," alisema. "Wallahi, nilisahau. Video tuliirusha na uso wake."

"Ilienda hewani lini?" Mkasi akauliza.

"Mwezi uliopita," mkuu akajibu. "Na mtandaoni bado ipo."

Afisa utumishi akakohoa, akamshukuru Mkasi kwa kufika, akasema watawasiliana naye. Alipopita mapokezi, vijana walikuwa wamekwisha kuondoka.

Zilipita siku tisa ndipo simu yake ikaita. Alikuwa mkuu wa kitengo.

"Kaka, kazi wamempa mwingine. Wenzangu wamesema wewe ni wa taratibu mno. Nilikupigania, nikashindwa."

"Haya dada. Ahsante kwa kuniambia."

"Video tumeiondoa. Na yule mama nimempigia mwenyewe, nikamwomba radhi."

"Watoto walishaiona?"

"Mkubwa aliiona. Hakumwambia mama yake kitu, alimletea tu kitabu. Mama akashika kitabu, akajua kuwa mwanawe amejua. Halafu akaniuliza, ni nani aliyesikiliza mpaka mwisho? Nikamwambia ni bwana mmoja aliyekuja kwenye usaili. Akasema nikusalimie."

Mkasi alisimama katikati ya chumba chake, simu sikioni. "Kitabu gani?" akauliza. Hakikuwa kitu muhimu. Alitaka tu mkuu asikate simu.

"Sikumuuliza," mkuu akasema kwa upole. Nyuma yake watu walikuwa wakiitana, milango ikifunguka na kufungwa. "Ngoja nikuache, kaka, naitwa."

Aliendelea kuishika simu hata ilipokatika. Baadaye akaketi, akamwandikia binti yake kisa chote, ujumbe mrefu kuliko wote aliowahi kumtumia, akamaliza kwa kumuuliza kama angeweza kumpigia. Akautuma, akaiweka simu mezani kifudifudi, akafungua harusi ya watu.