Chakula cha Miungu, Bujonde

Mdomo wa Jackson ulishamponza mara nyingi, ila hii ilikuwa mara ya kwanza kuiponza mikakao. Asubuhi hiyo alipekua kitabu cha shemeji yake Naomi, mwalimu wa kemia, akaenda kumtania baba yake, mzee wa kanisa, kwamba kitu kimojawapo kinachoipa kakao uchungu huitwa theobromini, na jina hilo asili yake ni Kigiriki: theos, mungu, broma, chakula.

"Kwa hiyo, tata, miaka yote hii tunalima chakula cha miungu."

Alitegemea kicheko. Mzee Zebedayo alikwenda kuchukua panga.

"Hakuna sanamu litakalolishwa na shamba langu," alisema, akaelekea kwenye mikakao arobaini aliyomgawia Jackson. Mikakao hiyo ndiyo iliyokuwa ilete ng'ombe wa mahari ya mchumba wake, Anyisile.

Jackson mbio mpaka jikoni. "Shemeji, niokoe. Kitabu ni chako."

"Na domo ni la nani? Unajua siwezi kumsogelea baba mkwe."

Kweli. Kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe, wala hamsemeshi, hata awe na digrii mbili. Basi Naomi akajibanza nyuma ya migomba, akaanza kumhubiria kuku.

"Wewe kuku, jina hilo katoa Mzungu mmoja wa Sweden aliyenogewa. Hakuna mungu aliyewahi kuonja kakao ya Bujonde. Hata jina la Machi limetoka kwa mungu wa vita wa Warumi. Na kuku, nasikia kuna mzee wa kanisa kabatizwa mwezi wa Machi. Naye akatwe?"

Panga likaganda hewani. Mzee akamgeukia mbwa wake.

"Mwambie huyo kuku amesoma." Akafikiri kidogo. "Ila Wagiriki walikosea mwenye chakula tu. Tutawasahihisha. Msimu huu mavuno ya mikakao hii yote yanakwenda madhabahuni, kwa Mungu wa kweli."

"Tata, na mahari?"

"Si mchumba wako ni mwanakwaya? Atashangilia."

Nyuma ya migomba, kuku alikuwa anacheka hadi anakohoa.

Jackson akapanda baiskeli hadi Ikolo, akamkuta Anyisile anaanika mpunga. Akamweleza yote, kuanzia Ugiriki. Anyisile hakuacha kugeuza mpunga wake.

"Msimu ujao uje na ng'ombe," alisema. "Maneno nimeshayapata ya kutosha."